Shubiri Mbili na Vidole Viwili

Isiolo
Jumamosi, 31 Januari 2026

Dada Akolong,

Kabla sijakusalimu, acha nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nikiogopa, huwa napima. Mwalimu akitaja jina langu, kabla sijasimama macho yangu yameshapima kutoka dawati langu hadi ubaoni. Siku mama aliponileta hapa Kidato cha Kwanza, nilipima geti la shule kwa shubiri huku yeye akizungumza na mlinzi, na mlinzi akaniuliza kama nataka kulinunua. Mikono hufanya hivyo yenyewe. Krismasi nilipokuja kwenu nilipima meza yako, mlango, beseni la kumwogeshea mwanao Lopeyok, na Lopeyok mwenyewe alipokuwa amelala. Shanga zake za kiunoni zilikuwa shubiri mbili na vidole viwili. Nilidhani ni ugonjwa fulani mdogo, ndiyo maana sikusema.

Sasa salamu. Hujambo dada? Shemeji Lotukoi hajambo? Lopeyok ameshaanza kusimama? Mimi ni mzima. Chakula ni kilekile. Mama alikuja kuniona Jumapili. Bado anauza uji na chapati pale Bulla Pesa, na jioni anarudi Chechelesi kwa miguu ingawa goti linamsumbua. Aliniuliza kama nimesikia kutoka kwako. Nikasema bado. Akasema, "Akolong ana simu, na mimi nina simu." Kisha akanipa njugu. Sijui ni nani kati yenu anayepaswa kupiga kwanza. Nilikuwa chumba cha pili siku ile ulipoondoka kwenda Kinna na Lotukoi kabla mama hajakubali. Nilisikia sauti zenu lakini maneno sikuyasikia vizuri.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Shuleni wameingia wasichana wa Gredi ya Kumi. Vipimo wanavijua kama wimbo: mita, kilo, sekunde, wanaimba bila kukosea. Mwalimu Mugure, wa fizikia, aliuliza kifutio cha ubao kina uzito gani, na mmoja akajibu kwamba ni mita tano. Mwalimu hakucheka. Aliniita akasema anataka wafanye usakaji: vidokezo vinafichwa darasani, wao wanatafuta vitu, wanapima, wanaandika nambari na kizio chake. Anataka niuandae mimi. Tena anataka nisimame mbele nisome vidokezo kwa sauti yangu.

Nilipima umbali hadi mlangoni, dada.

Tafadhali nitumie vitu vya nyumbani ambavyo watu hupimia bila rula. Chochote. Mpe Dima, jirani yenu mwenye gari, akileta nyanya sokoni, ataviacha kwa mlinzi pamoja na barua. Unajua simu haturuhusiwi.

Mimi mdogo wako,
Nakaale


Kinna
11 Februari 2026

Nakaale mdogo wangu,

Ejoka? Hujambo? Kwa hivyo wewe ndiye ulipima mlango wangu. Ungeniambia, kwa sababu kuna upande mmoja unaburuta chini na Lotukoi amekataa kukubali. Anasema ni ardhi iliyopanda. Na beseni langu ulipima bila ruhusa. Likija kulalamika nitalituma kwako.

Huku tuko. Lotukoi amepeleka mbuzi upande wa Kulamawe kutafuta majani, na mtandao huko ni wa kubahatisha. Maji ya mfereji tunapewa kwa zamu, nyanya zimekuwa ndogo kama jicho la kuku, ndiyo maana Dima hakuja juma lililopita na barua yako ilikaa. Mimi ni mzima. Nachoka tu asubuhi, jua ni kali.

Wewe kusimama mbele ya watu? Nakumbuka ulivyojificha nyuma ya pazia wageni walipokuja, miguu yote ikiwa nje. Sasa simama hivyohivyo. Ukiogopa, tazama miguu yao, ni ya kawaida.

Nakutumia vitu vitatu. Kwanza kopo la kasuku la mafuta, ndilo tunalopimia maharagwe. Pili kamba ya zamani ya Lotukoi, ina mafundo, alikuwa anapimia kina cha kisima kabla haijachakaa. Tatu ni shanga za Lopeyok. Zimo ndani ya kitambaa cheupe, usizimwage. Lopeyok amenenepa mpaka zimembana, nimemvua.

Wafundishe hao wasichana kwamba hicho nacho ni kipimo. Ata, mama yake mama, alitufunga sisi sote. Mimi, na Ekuam ndugu yetu kabla hatujampoteza, na wewe ulipozaliwa baada yake. Unakumbuka alivyosema? Unaacha nafasi ya kidole kimoja. Mtoto akikua, kidole hakiingii, unaongeza shanga. Shanga huongezwa, hazipunguzwi. Ata hakujua kusoma lakini alijua nani katika nyumba hii anakula chakula cha mwenzake.

Usimwambie mama kwamba nimezivua. Atasema nimemwacha mtoto uchi.

Dada yako,
Akolong


Isiolo
Jumamosi, 21 Februari 2026

Dada Akolong,

Salamu nyingi, na kwa Lotukoi pia kama amerudi na mbuzi. Lopeyok mbusu. Mama hajambo. Juma hili hakuja, goti lilivimba, lakini alimtuma mtu na mkate na ujumbe kwamba nisome. Hapa waliofunga Ramadhani wameanza kuamka mapema, na Adano, jirani yangu wa dawati, analala darasani baada ya saa sita huku macho yamefunguka. Amejifunza vizuri sana. Nimeulizwa maswali mara mbili yaliyokuwa yake.

Usakaji tuliufanya jana. Nilisimama. Kidokezo cha kwanza nilikisoma na hakuna aliyesikia, nikakisoma tena. Nilitazama miguu yao kama ulivyosema. Msichana mmoja alikuwa amevaa soksi mbili za rangi tofauti, na hiyo ilinisaidia kuliko maombi.

Sheria yangu ilikuwa moja: nambari bila kizio haipati kitu. Kuna mmoja anaitwa Sheila, mrefu, ana maneno. Alipima dirisha akaandika kumi na mbili.

Nikamwuliza, "Kumi na mbili nini?"

"Kumi na mbili tu, mwalimu mdogo. Usinitishe."

Mwenzake akamwambia, "Mbuzi kumi na mbili," na darasa lote likacheka. Nilisubiri. Akaenda akapima tena, akarudi na shubiri kumi na mbili. Nikamwuliza shubiri za nani. Akatazama mkono wake, kisha wangu, akauchukua mkono wangu bila kuuliza akaupandanisha na wake. Wake unapita kwa kucha moja na nusu. Mwalimu Mugure alikuwa amekaa nyuma, nikamwona anaandika kitu.

Kidokezo kingine kilisema watafute kitu chenye tungamo la kilo mbili. Sheila alikimbia stoo akamwomba mzee Githinji, mpishi wetu, gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, akalitua mezani tupu kabisa.

"Hii hapa. Kilo mbili."

"Ya nini?"

"Ya kila kitu. Mama yangu amenunulia hii tangu nizaliwe."

Tulilijaza mahindi, tukayaweka kwenye mizani, yakapita kilo mbili kidogo. Tukajaza unga, haukufika. Tukajaza makaa, hayakufika hata kilo moja. Sheila alilishika lile kopo akalitazama ndani kama mtu aliyepotezewa kitu humo. "Kwa hivyo miaka yote hii mama ananunua nini?" Nikamwambia ananunua ujazo, yaani nafasi. Akasema, "Nikifunga shule nitaenda kumwambia ananunua nafasi, na atanipiga." Nilicheka mbele ya watu, dada. Nilijisikia nikicheka.

Sasa shanga. Kidokezo kilisema watafute duara ambalo halikuchorwa kwa penseli wala si bangili, walinyooshe, walipime. Makundi matatu yalizipima. Kundi la kwanza lilipata sentimita arobaini na mbili. Nilifurahi moyoni, kwa sababu Krismasi nilipata shubiri mbili na vidole viwili, na hizo kwa mkono wangu ni karibu arobaini na tatu. Lakini kundi la pili lilipata thelathini na tisa, na la tatu thelathini na tisa.

Tukachunguza. Rula ya mita waliyotumia kundi la kwanza imevunjika mwanzoni. Inaanzia tatu. Wao waliweka shanga kwenye ncha iliyovunjika wakasoma mwisho tu, hawakutoa zile tatu. Mwalimu Mugure aliruka kutoka kitini. Alisema hilo ni kosa la sifuri, na kwamba angetaka kuinunulia hiyo rula zawadi. Alieleza kwamba chombo chenye kosa kinaweza kukupa jibu unalolipenda, na hapo ndipo watu huacha kuangalia.

Hiyo ndiyo inayonisumbua. Rula iliyokosea ndiyo iliyokubaliana na kumbukumbu yangu. Zile zilizo sawa hazikubaliani nayo. Huenda nilikosea Krismasi, maana nilipima haraka akiwa amelala na niliogopa utaingia. Au je, kuna shanga zilizopotea? Kama uzi ulikatika na nyingine zikaanguka, niambie tu ili niandike vizuri. Mwalimu anataka nimwandikie taarifa.

Mdogo wako,
Nakaale


Kinna
3 Machi 2026

Nakaale,

Habari yako. Sisi wazima. Lotukoi bado hajarudi. Mbuzi mmoja ameliwa na fisi. Dima amefunga na ana hasira, nimempa barua hii haraka kabla hajabadilisha nia.

Nimefurahi ulisimama. Huyo Sheila msalimie.

Shanga ni shanga. Usizifanye kuwa mtihani. Ukimaliza zirudishe tu, au kaa nazo, hazihitajiki kwa sasa. Soma vitabu vyako.

Akolong


Isiolo
Jumamosi, 7 Machi 2026

Dada Akolong,

Natumaini hujambo na Lopeyok hajambo. Pole kwa mbuzi. Mama alikuja jana. Goti limeshuka kidogo. Ameuliza tena kuhusu wewe, na safari hii nilisema umeniandikia na wote ni wazima. Nilipolisema nilihisi kama Sheila anaposema kumi na mbili tu.

Barua yako ilikuwa fupi. Najua una kazi. Lakini nilikuuliza jambo moja na hukulijibu, kwa hivyo nimejaribu kulijibu mwenyewe.

Kwanza nilijipima mimi. Niliweka mkono kwenye rula nzima. Shubiri yangu ni sentimita kumi na tisa na nusu. Mbili zinafika thelathini na tisa. Yaani shanga ulizonitumia ni shubiri zangu mbili kamili, vile vidole viwili havimo. Nilipima mara nyingi, kwenye meza, sakafuni, jikoni kwa mzee Githinji. Havimo.

Kisha Adano aliziona kwenye dawati. Kwao wanashona shanga, dada yake anaziuza. Sikumwambia ni za nani. Alizigeuza akasema, "Hizi zimefunguliwa zikafungwa upya. Tazama, fundo la zamani lilikuwa hapa." Akanionyesha uzi uliobaki nje ya fundo. Una mkunjo, na una ile rangi ya mafuta ya mtoto ambayo uzi hupata ukikaa ndani ya shanga. Sehemu ile ilikuwa imevaa shanga zamani. Sasa iko tupu.

Kwa hivyo uzi haukukatika. Uliufungua, ukatoa shanga, ukafunga. Kisha ukazivua kabisa.

Dada, mtoto anayenenepa huongezewa. Wewe mwenyewe uliniandikia maneno ya ata kwa mkono wako. Nimekaa na jambo hili usiku na mchana nikitafuta sababu ya mtu kupunguza shanga za mtoto aliyenenepa. Nimepata sababu moja tu, na sitaki niwe wa kwanza kuiandika.

Taarifa ya Mwalimu Mugure nimeiandika bila shanga. Nimeandika gorogoro na kamba. Sijamwambia mtu yeyote, wala mama. Naomba uniandikie kipimo. Nambari na kizio chake.

Nakaale


Kinna
15 Machi 2026

Nakaale mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo siku nyingi chini ya godoro. Dima alipita mara mbili nikamwambia sina ya kutuma.

Mimi na wewe hatufanani. Wewe ukiogopa unapima, mimi nikiogopa naacha kuangalia.

Ulipoondoka baada ya Krismasi nilijua nina mimba. Ndiyo ile niliyoiita uchovu. Wanawake hapa wakaniambia nimwachishe Lopeyok ziwa upesi, maziwa ya mwenye mimba huchacha ndani na humharibu mtoto. Ata naye alisema hivyohivyo nilipokuwa mdogo, nilimsikia. Kwa hivyo nilipaka pilipili, akalia siku tatu, akaacha. Nilidhani namlinda. Uji akawa anautema. Kisha akaanza kuhara, akapona, akaanza tena. Shanga zikaanza kushuka mpaka kwenye mapaja. Nilitoa kumi nikazifunga. Zikashuka tena. Siku moja zilianguka miguuni nikimwogesha, zikabaki chini ya maji ndani ya lile beseni lako. Sikuweza kuzitazama. Barua yako ikaja siku hizohizo ukiomba vitu vya kupimia, nikasema, basi, ziende mbali.

Kuna mhudumu wa afya wa hapa kijijini, Mama Robow. Ana utepe wa kupima mkono wa mtoto, una kijani, njano na nyekundu. Februari ilikuwa njano. Aliniambia nimpeleke kituoni apewe zile pakiti za lishe ya njugu za watoto waliokonda. Sikwenda. Usiniulize haraka kwa nini, nitakuambia.

Unasema siku ile hukuyasikia maneno. Mimi niliyasikia. Nilikuwa nimeshika begi, Lotukoi yuko nje. Mama alisimama mlangoni akasema, "Utarudi hapa na mtoto mgonjwa mgongoni na mwingine tumboni." Sasa nitazame. Ndivyo nilivyo, hajakosea hata neno. Nikienda kituoni wataandika, watu wataona, mtu wa Isiolo atamwambia. Sitaki awe alisema kweli. Nilitaka kwanza mtoto anone kidogo, halafu ndipo nipige simu.

Jana Mama Robow alipita tena. Uliomba nambari na kizio chake. Ni sentimita kumi na moja na nukta mbili. Ni nyekundu. Amesema nimpeleke mara moja. Nitampeleka Lotukoi akirudi, sina wa kunisindikiza.

Hachezi sana. Anakaa tu anaangalia.

Usimwambie mama. Nakuomba kama dada yako niliyekubeba mgongoni.

Akolong


Isiolo
Alhamisi asubuhi, 19 Machi 2026

Dada Akolong,

Barua hii inaletwa na mama. Ukiisoma, yeye ameshaketi kwako. Tafadhali isome yote kabla hujanikasirikia, na ukikasirika bado nitakuwa mdogo wako.

Salamu kwa Lopeyok kwanza, kabla ya wengine wote.

Barua yako ilinifikia jana saa saba mchana. Niliisoma nyuma ya tangi la maji. Nilikaa pale mpaka kengele ilipolia, na sikuingia darasani. Ni mara ya kwanza. Nilifikiria ulivyonibeba. Nilifikiria pia kwamba ulinitumia nambari, na mtu hatumi nambari kama hiyo ili ifichwe. Huenda nimekosea hapo. Kama nimekosea, kosa ni langu.

Nitakuandikia nilichofanya, kwa mpangilio, nisiongeze kitu.

Nilikwenda hadi mlango wa chumba cha walimu. Nilianza kuupima kwa macho. Nikaacha, nikabisha. Walikuwamo walimu saba na wote walinitazama. Nilisema kwa sauti kwamba namtafuta Mwalimu Mugure na kwamba ni jambo la haraka. Alitoka nje nami. Sikumpa barua yako, nilimwambia tu: mtoto wa dada yangu ana umri wa mwaka mmoja, mkono wake ni sentimita kumi na moja na nukta mbili. Hakuniuliza kizio. Alitoa simu yake akanipa.

Mama alipokea, nikasikia watu wa chapati nyuma yake.

Nikamwambia, "Mama, ni Nakaale. Lopeyok ni mgonjwa. Amekonda. Mkono wake umefika nyekundu."

"Nani amesema?"

"Akolong mwenyewe."

Kisha akasema, "Amemwachisha ziwa."

Nikasema ndiyo.

"Ana mimba."

Nikasema ndiyo.

Nikangoja aseme, unaona, nilimwambia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hayo. Hakusema. Alisema, "Ekuam nilimwachisha nikiwa na mimba yako. Ata aliniambia nipake pilipili." Halafu akamwambia mtu fulani hapo kwake atoe sufuria motoni. Halafu akaniambia, "Kesho asubuhi niko getini. Na shanga zake, ziko wapi?" Nilikuwa sijamwambia lolote kuhusu shanga. Nadhani alijua kwamba mtoto akifika hapo, shanga huwa zimeshavuliwa.

Sijui kama alitaka nikuandikie hayo ya Ekuam. Hakukuambia siku ile mlangoni, na mimi hakuniambia kamwe. Yale maneno uliyoyasikia, nadhani hayakuwa laana. Nayaacha hapo, atayasema mwenyewe kama anataka.

Mwalimu Mugure alisimama karibu muda wote. Nilipomrudishia simu alisema nikuandikie kwamba maziwa ya mama mwenye mimba hayachachi na hayamdhuru mtoto, na kwamba kituoni watakueleza kama Lopeyok anaweza kurudi kunyonya. Alisema pia nyekundu si ya kungoja mtu arudi na mbuzi. Mpeleke leo, mama atakubebea mtoto na wewe utembee polepole. Kesho inaweza kuwa Idd na magari yatakuwa machache, ndiyo sababu mama anaondoka sasa hivi na gari la Dima. Goti lake limefungwa kitambaa. Usimwache achuchumae.

Jana jioni baada ya kipindi cha kujisomea nilimwomba Adano uzi. Alinipa ule mgumu wa nailoni wanaotumia kwao. Hakuuliza ni wa nini. Nilitandaza kitambaa chako cheupe kitandani, nikazifungua shanga za Lopeyok zote, nikaziosha kwa sabuni, nikazikausha. Nikazitunga upya kwa mpangilio ule wa ata. Nilipima uzi kabla ya kuukata, na niliukata mrefu kupita ule wa zamani. Ncha moja nimeifunga kwenye kijiti cha kiberiti ili zisimwagike. Ncha nyingine nimeiacha bila fundo, nimeibana kwa pini tu. Zile kumi ulizotoa sinazo, ziko kwako, kwa hivyo fundo sikulifunga.

Kisha nilizikunja ndani ya kitambaa. Leo asubuhi nimekwenda getini nikampa mama mkononi. Sasa amekaa kwenye benchi la mlinzi anangoja nimalize barua hii.

Nakaale